Lozanov na Darasa Lisilo na Hofu

Mwaka 1966 ilifunguliwa mjini Sofia, Bulgaria, taasisi ya utafiti iliyoongozwa na Georgi Lozanov, daktari wa magonjwa ya akili aliyekuwa na umri wa miaka 40. Katika kutibu alikuwa ameona jinsi neno la daktari anayeaminiwa linavyomtuliza mgonjwa. Akaamini kwamba darasani nako kuna maneno yanayofanya kazi hivyohivyo, ila kinyume chake: tangu utotoni mtu huambiwa kwamba lugha ni ngumu, hesabu ni ya wenye vipaji, na kichwa chake hakishiki. Kabla ya kumfundisha lolote, wazo hilo ling'olewe na lingine lipandwe mahali pake. Mbinu yake akaiita sajestopedia.

Somo lake la lugha lilianza kwa kumpa kila mwanafunzi jina jipya na kazi mpya. Karani mwenye haya akawa mwigizaji wa Roma, na alipokosea, aliyekosea ni yule mwigizaji. Viti vilipangwa nusu duara. Ukutani palikuwa na picha na mabango yenye vinyambuo vya vitenzi, lakini mwalimu hakuyaelekezea fimbo. Yaliachwa pembeni ya macho, na baada ya siku chache wanafunzi wakajikuta wanayajua.

Ndipo muziki ukaingia. Mwalimu alisimama na mazungumzo marefu yenye mamia ya maneno mapya, tafsiri ikiwa kando yake. Santuri ya Mozart au Beethoven ikipigwa, aliyasoma polepole, sauti yake ikipanda na kushuka pamoja na vinanda, huku wanafunzi wakifuatisha kwenye karatasi. Kisha karatasi zikawekwa chini. Wakaegemea viti, naye akayasoma tena kwa mwendo wa kawaida wa usemi, safari hii nyuma yake akiwa Bach au Vivaldi. Siku zilizofuata zilikuwa za nyimbo, michezo na maigizo. Upande huo wa sanaa ulikuzwa zaidi na msaidizi wake mkuu, Evelina Gateva, ambaye historia imemsahau mno.

Habari zilipovuka mipaka zilivimba. Taasisi yenyewe ilikuwa imetangaza kwamba mtu anaweza kujifunza maneno 1,000 kwa siku moja. Mwaka 1979 kitabu kimoja cha Marekani kikaigeuza mbinu hii kuwa kanda za kusikiliza nyumbani, na muziki wa mapigo 60 kwa dakika ukauzwa kama dawa ya kumbukumbu. Mwaka huohuo mwanaisimu Thomas Scovel aliyachambua madai ya Lozanov kwa ukali na kuyaona hayana msingi wa kisayansi. Naona alikuwa na haki: tarakimu zile hazikusimama. Lakini kanda haina uso wala haimwamini mwanafunzi, na Lozanov alitegemea imani hiyo kuliko santuri.

Vikundi vyake vya watu wazima vilikuwa vya watu kama 12. Mwalimu mwenye watoto 90 darasani atauliza kilichomo humu kwa ajili yake, na swali hilo ni la zamani. Comenius, mwalimu wa Moravia aliyechapisha kitabu chake maarufu cha picha mjini Nürnberg mwaka 1658, alishikilia kwamba mwalimu mmoja anaweza kufundisha mamia kwa pamoja. Katika miaka ya 1970 mbinu ya Lozanov iliingizwa kwenye baadhi ya shule za msingi za Bulgaria, na watoto wakajifunza kusoma na kuhesabu kupitia michezo ya kuigiza na nyimbo. Bango ukutani huonwa na 90 kama linavyoonwa na 12, na wimbo hunoga zaidi waimbaji wakiwa wengi. Kinachoponyoka katika umati ni kumsahihisha mtoto mmoja bila kumwaibisha mbele ya wenzake. Hapo Lozanov alidai mwalimu aliyefunzwa kwa makini.

Desemba 1978 wataalamu walioitwa na UNESCO walikutana Sofia na kuisifu kazi yake. Muda mfupi baadaye serikali yake ikamzuia kusafiri, na kwa takriban miaka kumi hakuweza kuwafunza walimu wa nje. Alipofunguliwa mwaka 1989 kanda zilikuwa zimekwisha kuenea duniani. Akaenda Austria kuanza upya na walimu, na kazi hiyo akaendelea nayo hadi uzeeni. Alifariki mwaka 2012.