Uandishi wa Kunadi katika Kampuni za Programu

Uandishi wa kunadi ni kazi ya kutunga maneno yanayomfanya mtu aitambue bidhaa, aielewe, aiamini na mwishowe aichukue. Kwa Kiingereza kazi hii huitwa copywriting, jina ambalo ni rahisi kulitafsiri vibaya. Anayelifuata neno kwa neno hupata "uandishi wa nakala". Anayelisikia juujuu hulichanganya na copyright, yaani hakimiliki, ambayo ni mambo ya sheria. Katika viwanda vya uchapaji, neno copy lilitaja andiko alilokabidhiwa mpanga chapa ili alipange kwa herufi za risasi. Ni andiko la asili, kinyume kabisa cha nakala.

Tafsiri iliyozoeleka, "uandishi wa matangazo", si mbaya, ila huishia nusu ya njia. Tangazo laweza kuwa la redioni, la bango la barabarani, hata la msiba. Kampuni ya programu huhitaji pia maneno ya vitufe, ya menyu, ya ujumbe wa kuthibitisha malipo na ya kumweleza mteja kwamba jambo limekwama. Kitenzi "kunadi" kinafaa zaidi kwa sababu humweka muuzaji mbele ya mnunuzi. Samaki wanaponadiwa mnadani, mnunuzi husikia bei huku akiyatazama macho na mashavu yao. Programu ya simu haina mashavu ya kukaguliwa. Mteja wa Pangani au Mkinga, mkoani Tanga, huona maneno tu kwenye kioo, na kwa hayo huamua kama ataweka fedha yake humo.

Pwani iliijua kazi hii kabla ya kompyuta. Kanga ina pindo, mji na jina, na jina ndilo maandishi yanayokaa ndani ya mji. Wauzaji wa kanga walijua kwamba rangi peke yake haimalizi biashara: mwanamke hununua pia kauli atakayoivaa mbele ya majirani. Kanga za Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa zilitambulika kwa alama ya "Mali ya Abdulla", na huo nao ni unadi wa maneno machache.

Mfano ulio mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki ni fedha za simu. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008. Nchini Tanzania ilikutana na watu wengi wasiowahi kuwa na akaunti ya benki, nao walipewa maneno waliyokuwa nayo tayari: kutuma, kutoa, kuweka, salio, wakala. Lau menyu ingeanza na "muamala", neno la benki, wengi wangesita. Majina ya huduma yalifuata njia hiyohiyo. LUKU ya TANESCO, shirika la umeme, ni kifupi cha Lipa Umeme Kadri Utumiavyo, jina linaloeleza bidhaa nzima. Vodacom ina Songesha, ya kukamilisha malipo salio lisipotosha. Tigo, ambayo sasa ni Yas, ilikuwa na Nivushe ya mikopo, jina ambalo mtu wa Pangani anayevuka mto kwa pantoni kwenda Bweni hahitaji kufafanuliwa.

Ufinyu wa nafasi hufanya kazi hii kuwa ngumu. Menyu ya simu inayofunguliwa kwa nyota na reli hubeba herufi 182 tu, na ujumbe mfupi wa simu 160, nafasi tupu zikihesabiwa. Kiswahili hupata faida kwenye vitenzi: "umepokea" ina herufi 8, ilhali Kiingereza huhitaji maneno matatu. Hasara iko kwenye nomino. "Namba ya kumbukumbu ya malipo" hula nafasi 29, na watu mitaani wamekwisha kuikwepa kwa kusema "kontroo namba". Mwandishi hodari huwasikiliza kabla ya kuwasahihisha.

Penye hitilafu ndipo uandishi mbaya hugharimu zaidi. Ujumbe wa "Ombi lako halikufanikiwa" haujibu swali la kwanza la mteja: fedha yangu iko wapi? "Salio halitoshi. Fedha yako haijakatwa" hulijibu, kwa herufi chache tu za ziada. Neno "kosa" lenyewe ni la kuangaliwa, maana humtupia lawama anayesoma. "Hitilafu" huibakiza kwenye mtambo. Makato nayo yatajwe wazi. Tangu tozo ya miamala ilipoanza Julai 2021 na kuzua malalamiko nchi nzima, ni busara kwa kampuni kutenga kwenye ujumbe wake kilicho chake na kilicho cha serikali.

Salamu ni jambo dogo lenye uzito. "Ndugu mteja" ni ya Tanzania na haimchukizi mtu. "Mpendwa mteja" imetafsiriwa kutoka barua za Kiingereza, na pwani hunukia barua ya mapenzi au mahubiri. Istilahi za kiufundi hazina shida hiyo zinapochukuliwa kutoka kazi za watu. "Kupakia" na "kupakua" zilikuwa za bandari zamani. Tanga, ambako kwa miaka mingi meli kubwa zilitia nanga mbali na mizigo ikashushwa kwa matishari, hakuna anayeziona ngeni zinapohamia kwenye faili.

Kauli hupimwa. Mmarekani Claude Hopkins alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1923 jinsi ya kulinganisha matangazo mawili kwa kuhesabu kuponi zilizorudishwa. Kampuni za programu hufanya hivyo kwa urahisi zaidi: nusu ya wateja huonyeshwa "Jiunge", nusu "Fungua akaunti", kisha huhesabiwa waliobonyeza.

Kipimo hicho hakina maana ikiwa kauli zote mbili zimetafsiriwa kutoka Kiingereza siku ya mwisho na fundi aliyechoka. Mwenye kampuni changa anayetaka wateja wa pwani ya Tanga, kati ya Moa na Mkwaja, amkalishe mwandishi wa Kiswahili mezani tangu ukurasa wa kwanza wa programu unapochorwa, na amlipe kama anavyomlipa mhandisi.