Simu ya upepo, upepo wa jua

Mtu mzima wa Lugarawa, huko Ludewa, anaijua simu ya upepo, ile redio ya polisi na misheni za mbali. Sauti yake haibebwi na upepo: hudunda kwenye tabaka la juu la angahewa lenye chaji za umeme. Jua likilipuka wakati kwetu ni mchana, miali hutufikia kwa dakika 8 hivi, na masafa ya redio hiyo hufifia au hunyamaza. Wingu la chembe za jua huweza kufuata baadaye, siku 1 hadi 3, na hapo utabiri una nafasi. Tangu 2022 kituo cha Hermanus, Afrika Kusini, hukesha kikiliangalia jua. Watangazaji wetu, mkitangaza utabiri huo, tafadhali semeni “dhoruba ya jua”. “Hali ya hewa ya anga za juu” inapotosha; huko hakuna hewa.