Asilimia 77 walisema nini?

Julai 2021 Rais Kais Saied wa Tunisia alisimamisha Bunge, na baadhi ya wananchi wakatoka barabarani wakishangilia. Siku chache baadaye, ndani ya basi la Mbeya kwenda Iringa, nilimsikia abiria akisema Waarabu hawaitaki demokrasia. Sikumjibu, ila nilikumbuka kwamba na sisi tuliwahi kusemwa hivyo hivyo.

Februari 1991 Rais Ali Hassan Mwinyi aliunda Tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iwaulize wananchi wanataka chama kimoja au vingi. Asilimia 77.2 walijibu kimoja, asilimia 21.5 walitaka vingi. Hata hivyo Tume ilipendekeza vyama vingi, na Julai 1992 vikaruhusiwa.

Marehemu mjomba wangu, mkulima wa kahawa huko Mbozi, alikuwa mtu wa chama kimoja. Lakini ni yeye huyo aliyelalamika kutwa kucha juu ya malipo ya kahawa yaliyochelewa na viongozi wasioondoka. Alitaka wawajibishwe. Neno vyama vingi kwake lilikuwa na sura ya Msumbiji: vita, wakimbizi, njaa. Isitoshe, aliulizwa mkutanoni, majirani wakisikia, na balozi wa nyumba kumi yumo.

Ng'ambo ya mto Songwe, Malawi ya Kamuzu Banda iliulizwa swali hilo hilo tarehe 14 Juni 1993, kwa kura ya siri. Karibu asilimia 64 wakachagua vyama vingi. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela ni ndugu, jamani! Sidhani mto ndio uliogeuza fikra zao.

Na mwaka 2010 Mbeya Mjini ilimchagua Joseph Mbilinyi, Iringa Mjini ikamchagua Mchungaji Peter Msigwa, wote wa CHADEMA.

Utafiti wa Arab Barometer uliotolewa 2022 ulikuta Waarabu wengi wakisema demokrasia, pamoja na kasoro zake, ni bora kuliko mifumo mingine. Wengi pia walisema uchumi hudhoofu chini yake. Katika majibu hayo mawili namsikia mjomba kabisa: anataka sauti, na anataka mkate.

Mwaka 1995 alipiga kura. Nilimuuliza amekipa chama gani, akakataa kuniambia.