Koo mkongwe na kundi dogo la kuku katika Busia na Tororo

Ufugaji wa kuku wachache wa kienyeji, mara nyingi mitetea kadhaa na jogoo mmoja au wawili, ni sehemu ya kila siku ya maisha ya vijijini katika Busia na Tororo, eneo la Wasamia, Wateso, Wajopadhola na majirani zao, ambako mpaka wa Kenya na Uganda huugawa mji wa Busia sehemu mbili lakini hauwazuii kuku, wachuuzi wala maradhi kuvuka. Kuku hao huchakura uani na mashambani mchana kutwa, usiku hulala jikoni au katika kibanda kidogo, na kwa kawaida huwa chini ya uangalizi wa wanawake na watoto, ingawa kwa desturi ya Waluhya firigisi ya kuku aliyechinjwa huwekewa baba wa nyumba.

Jike ambaye hajaanza kutaga huitwa tembe, anayetaga ni mtetea, na aliyekwisha kuangua na kulea vifaranga ni koo. Mtetea wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 hivi kwa mtago mmoja, huyaatamia kwa siku 21, kisha huwalea vifaranga kwa majuma kadhaa kabla ya kuanza upya, ndiyo maana mizunguko yake kwa mwaka ni kama 3 tu. Kadiri miaka inavyopita mayai hupungua, na baada ya mwaka wa pili au wa tatu wafugaji wengi humhesabu kuwa wa kuchinjwa. Katika mabanda ya biashara, ambako kuku wa mayai huuzwa kwa nyama wafikishapo mwaka mmoja na nusu hivi, hesabu hiyo ni sahihi; kwa kundi dogo la nyumbani ni hesabu yenye hasara, kwa kuwa kazi kubwa ya koo ni kuatamia na kulea, na katika kazi hiyo uzoefu una thamani kuliko wingi wa mayai. Kuku chotara kama Kuroiler, aliyetoka India na kuingizwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 2000, hukua upesi lakini ni nadra kuatamia, hivyo hata mfugaji aliyemchagua humhitaji koo wa kienyeji wa kumwangulia mayai, au hulazimika kununua vifaranga kila mara.

Uzoefu wa koo huonekana wazi wakati wa kulisha mchwa. Jioni chungu kikuukuu hujazwa kinyesi kikavu cha ng'ombe na mabua yaliyoloweshwa maji, kikafudikizwa juu ya tundu la mchwa lililofukuliwa na kufunikwa majani, na alfajiri, kabla jua halijakolea na kuwarudisha wadudu ardhini, chungu huinuliwa na kukung'utwa mbele ya kuku. Koo aliyezoea hulia kwa mkupuo wa sauti fupi, humdona mchwa mkubwa na kumwangusha mbele ya kifaranga, na mwewe anapozunguka juu hubadili mlio, vifaranga wakatoweka chini ya mabawa yake au chini ya ghala. Mchwa huwapatia vifaranga protini ambayo nafaka pekee haitoi, na karibu na Ziwa Viktoria masazo ya dagaa hufanya kazi hiyo hiyo.

Koo mkongwe huhitaji matunzo mepesi ila ya kudumu. Kitagio na fito za kulalia hushushwa karibu na sakafu ili asiumize miguu anaporuka, na maganda ya mayai yaliyochomwa na kusagwa, au unga wa chokaa ya mifugo, humpa madini anayopoteza kwa kutaga. Miguu yenye magamba yaliyoinuka na kukakamaa huwa imeingiwa na utitiri, wadudu wadogo mno wanaochimba chini ya magamba. Huloweshwa kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ikasuguliwa polepole na kupakwa mafuta mazito mara kadhaa hadi magamba ya zamani yaanguke. Viroboto wanaoganda kandokando ya macho na kwenye upanga pia hupakwa mafuta hayo, kwa uangalifu yasiingie machoni. Mtindo wa kumwekea koo mayai mapya kila anapoangua ili aendelee kuatamia huongeza vifaranga upesi, lakini kuku anayeatamia hula kidogo na hukonda, kwa hiyo haufai kabisa kwa koo aliyezeeka.

Hatari kubwa kuliko uzee ni kideri, ugonjwa wa virusi uliotambuliwa mwaka 1926 huko Java na Newcastle, Uingereza, ambao huweza kulifuta karibu kundi zima lisilochanjwa katika siku chache. Huenea sana pale mwenye kuku wanaougua anapowakimbiza sokoni kabla hawajafa, jambo linaloeleweka kwa aliyebanwa na shida lakini linaloangamiza makundi ya watu wengine pande zote za mpaka. Serikali ya Kenya iliwahi kuzuia kuku na mayai kutoka Uganda Januari 2017, baada ya homa ya mafua ya ndege kuonekana kandokando ya ziwa; kwa kideri, hata hivyo, kinga ni chanjo. Chanjo ya I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya vijiji visivyo na majokofu, huvumilia joto kuliko nyingine nyingi, hutolewa kwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Koo aliyechanjwa hupitisha kinga kupitia kiini cha yai, ikamlinda kifaranga katika siku zake za mwanzo.

Kuku mgeni kutoka sokoni, awe wa Bumala au wa Tororo, atengwe kwa majuma 2 kabla ya kuchanganywa na wenyeji, na majirani wachanje kwa siku moja.