Haneti na Njia ya Maneno

Msomaji wa visiwani pengine hajapata kuisikia Haneti. Ni kata ya Wilaya ya Chamwino, kaskazini ya mji wa Dodoma, katika nchi kavu ya Wagogo, nchi ya uwele, mibuyu na ng'ombe. Wauza vito wa ng'ambo wanaijua kuliko ninyi, kwa sababu ya krisopresi, jiwe la kijani linalochimbwa katika vilima vyake. Liandike jina hilo katika mtandao, nawe utaletewa kwanza jiwe: limekatwa, limeng'arishwa, limetiwa bei. Watu huja nyuma, kwa mistari michache na hesabu ya sensa.

Jambo hilo ndilo lililonishikisha kalamu. Mimi nimekulia huku, na nimefikia umri ambao wenzangu hupenda kuwalaumu vijana kwa simu zao. Mimi nawaonea wivu, tena wivu wa heri. Ili nieleze sababu, sina budi kuanzia mbali kidogo, katika njia iliyowaleta watu wa pwani kwetu.

Katika karne ya 19 misafara ya Bagamoyo kwenda Tabora ilipita Ugogo. Maji yalikuwa haba, na watemi wenye visima walitoza hongo ya nguo, shanga na waya. (Hongo wakati huo ilikuwa ushuru wa njia. Jinsi neno hilo lilivyoishia kuwa rushwa ni kisa cha siku nyingine.) Burton alipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote wawili waliandika vitabu vyenye manung'uniko tele juu ya ushuru huo. Basi Mgogo aliingia katika maandishi ya dunia akiwa mtoza ushuru mkorofi, na kwa muda mrefu hakuwa na mahali pa kujibu. Alichopata katika misafara hiyohiyo ni Kiswahili.

Reli ilifika Dodoma mwaka 1910. Mwaka 1923 serikali ya Tanganyika ilianzisha gazeti la Mambo Leo, na humo mashairi yalipata nafasi, hata mtu wa bara asiyeijua bahari aliweza kusoma beti za malenga wa pwani na kujaribu zake. Katika zama hizo za magazeti ndipo alipokua Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917, akafanya kazi ya ukarani serikalini na baadaye uliwali. Mwaka 1954 alitoa kitabu chake, *Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika*. Kwangu mimi hilo ndilo jibu kwa akina Burton, ijapokuwa lilikawia takriban miaka mia. Na hakukomea hapo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 aliwapa Watanzania ngonjera, ushairi wa majibizano uliosimama mbele ya watu na kusemwa. Alifariki mwaka 1969, lakini hakuna aliyesoma shule ya msingi katika miaka iliyofuata asiyewahi kusimamishwa mbele ya mgeni rasmi akaghani ngonjera. Mtu wa nyika aliuchukua ushairi wa pwani, akaurudisha una kitu ambacho pwani haikukitia.

Mimi nilikuwa kijana katika miaka ya 1980. Redio ya betri ilitulisha mashairi, na betri zilipochoka tulizianika juani. Kitabu cha Amri Abedi cha sheria za kutunga mashairi niliazimwa na mwalimu kwa likizo moja, nikakinakili chote kwa mkono, kwa mwanga wa kibatari. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi iliyong'oka kurasa za mwisho, kwa hiyo hata leo, baada ya miaka mingi ya kufasiri, maneno yanayoanza na W hunitia mashaka. Shairi langu la kwanza kuchapwa gazetini lilitoka baada ya miezi mitano, na kina kimoja kilivunjwa na mpiga chapa. Jibu la malenga wa Pemba lilinifikia baada ya miezi miwili mingine, nami nilikwisha sahau nilichokuwa nikibishania.

Kuna wanaosema kungoja huko ndiko kulikotukomaza. Sikubaliani nao. Kungoja kuliwanyamazisha wengi waliokuwa na vipaji kuliko mimi. Hawakuwa na pesa ya stempu, au walichoka.

Mpwa wangu ana miaka 19. Hutunga jioni, na kabla ugali haujapoa amekwisha jibiwa na mtu wa Lamu au wa Muscat, aghalabu kwa ukali unaostahili. Kila bando alinunualo ni hongo ya zama hizi, nalo hulipa bila kinyongo. Waya unaomletea maneno hayo nao watoka pwani: mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia baharini mwaka 2009. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya chini ya bahari ilipokatika, sisi tuliokaa nyikani tulitambua kwamba tunaning'inia kwenye bahari. Na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, mtandao ulizimwa nchini kwa siku kadhaa. Mpwa wangu alitoa daftari, akaandika kwa mkono, mwandiko mbaya ajabu.

Mwaka jana alinijia na swali: "Mjomba, umekisoma kitabu cha maisha ya Mnyampala, alichokiandika mwenyewe?" Nikamjibu kwa kiburi kwamba hakuna kitabu cha namna hiyo. Akanionyesha. Mswada ule ulichapwa Ufaransa mwaka 2013, kwa kazi ya Mathieu Roy, msomi aliyemwandikia Mnyampala tasnifu nzima. Miaka kumi na zaidi kilikuwapo, na mimi niliyejiita mwanafunzi wa Mnyampala sikuwa na habari. Nilitahayari. Kisha tukakaa wawili chini ya mti, tukasoma juu yake hadi simu ikazimika.

Siku hizi ana kazi nyingine. Humrekodi mama yangu, bibi yake, akisema Kigogo: nyimbo za ngoma ya muheme, majina ya miti, visa vya njaa. Ipo sauti ya Hukwe Zawose mtandaoni, tunashukuru, lakini za bibi wa Haneti hazimo, na kijana huyu ameudhika kuona jiwe lina picha elfu na bibi hana hata moja. Sikumfundisha mimi hasira hiyo. Mnyampala alihitaji ukarani na mchapaji ili kujibu. Yeye amekaa kigodani jikoni.

Juzi mama alimwuliza ni nani atakayeyasikiliza hayo. Akamwambia, "Yeyote, bibi. Hata wa Unguja." Mama akanyamaza kitambo, akajifunga upya kanga yake, akamwambia afute yote na aanze tena, kwa kuwa alikuwa amesahau kusema "mbukwenyi", na hakutaja ukoo wa mama yake.