Kutoka Madarasani hadi Kambini: Makazi ya Wakimbizi wa Rwanda Bukavu, 1994–1996

Tatizo la kuwapa makazi watu waliokimbia vita halikuingia Bukavu mwaka 1994. Tangu mwaka 1959 Watutsi waliofukuzwa Rwanda walivuka mto Ruzizi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliwagawia mashamba katika vituo vya Kivu, miongoni mwavyo Kalonge na Lemera. Nia ilikuwa wakimbizi wajilimie kama wenyeji. Mpango huo ulivurugwa na uasi wa mwaka 1964: mwezi Agosti mwakilishi wa shirika hilo, François Preziosi, na Jean Plicque wa Shirika la Kazi Duniani, waliuawa katika kituo cha Mwamba, Mulenge.

Miaka thelathini baadaye hali iligeuka. Kati ya Julai na Agosti 1994, hasa majeshi ya Ufaransa yalipokuwa yakiondoka Cyangugu, umati ulimiminika Bukavu. Watu walilala madarasani, katika viwanja vya makanisa na kando ya barabara. Wachache wenye fedha walipanga nyumba mjini. Wenyeji walivumilia, lakini mwaka wa masomo ulikaribia na mji ulizitaka shule zake. Basi malori yakawahamisha watu hadi Kashusha, Inera, Adi-Kivu, Birava na kwingineko. Wanajeshi wa serikali iliyoshindwa, waliokuwa Panzi, walipelekwa Bulonge. Kivu ya Kusini ilihifadhi takriban watu 300,000.

Hapa pana jambo ambalo masimulizi mengi hulipita haraka. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, ibara ya pili, unaagiza wakimbizi wakalishwe umbali wa kuridhisha kutoka mpaka wa nchi yao. Kashusha na Inera zilikuwa njia ya Kavumu, mwendo usiofika siku moja kutoka Ruzizi. Birava ilikuwa ufukweni mwa ziwa, Rwanda ikionekana ng'ambo. Eneo lilichaguliwa kwa haja ya mji, wala si kwa usalama wa aliyehamishwa. Isitoshe, waliobeba silaha, waliotenda mauaji ya kimbari na mama mwenye watoto waliitwa kwa jina moja, wakimbizi, wakala mgao mmoja. Mwaka 1995 Zaire ilileta askari 1,500, waliogharimiwa na Umoja wa Mataifa, kulinda kambi. Walipunguza ujambazi, mpaka haukusogea.

Oktoba 1996 vita vikaja. Tarehe 29 Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyewatetea wakimbizi na wenyeji pia, aliuawa mjini; kesho yake Bukavu ikaanguka. Kambi zilisambaratishwa mwanzoni mwa Novemba. Wengine walirudi Rwanda, wengine wakakata msitu kuelekea Walikale na Tingi-Tingi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 ilieleza mauaji yaliyowafuata huko.

Walionusurika bila kurudi walitawanyika vijijini, wakilima vibarua na kulala katika nyumba za wenyeji, bila turubai wala mgao. Warundi walipokimbilia Fizi, kambi ya Lusenda ilifunguliwa mwaka 2013. Ilipojaa, mwaka 2017 ilianzishwa Mulongwe, ambako kaya zilipewa viwanja na ardhi ya kulima, kama Kalonge ya zamani.