Friji jukwaani: Jinsi besi ilivyohama kutoka spika kwenda raki

Mwaka 2002, waliokwenda kuitazama bendi ya Rush ya Kanada walikuta kituko jukwaani. Mahali ambapo mpiga besi yeyote angepanga spika zake, Geddy Lee alikuwa amepanga mashine tatu za kukaushia nguo, zile za kutumbukiza sarafu. Zilikuwa zinafanya kazi, fulana zinapinduka ndani. Mbele ya kila mashine fundi mitambo alikuwa ametega maikrofoni, kana kwamba sauti ya besi ilitoka humo.

Kituko hicho kimerudi midomoni tangu Oktoba 6, 2025, Lee na mpiga gitaa Alex Lifeson walipotangaza kurejea jukwaani mwaka 2026, miaka sita baada ya kifo cha mpiga ngoma wao, Neil Peart. Magazeti yaliandika habari za tiketi na za Anika Nilles, Mjerumani aliyechaguliwa kukalia ngoma. Aliyeniuliza habari za besi ni mtu mmoja tu: fundi mitambo mstaafu wa Dar es Salaam, mzee aliyekaa nyuma ya mikisa za bendi za dansi tangu ujana wake. Hataki jina lake liandikwe gazetini. “Waandike wanamuziki,” alisema. “Fundi akisikika, ujue kaharibu.”

Nilimwamkia, akanionyesha kiti, na kabla sijafungua daftari akaanza: “Unajua zile mashine za nguo zilifunika nini, mwanangu? Zilifunika pengo. Spika hazikuwepo.”

Safari ya kufikia pengo hilo ni ndefu, lakini mwanzo wake unajulikana. Mwaka 1951 Leo Fender wa California alitoa gitaa la besi la Precision, na mwaka uliofuata akatoa amplifaya yake, Bassman. Ilionekana mapema kwamba besi inakula nguvu nyingi, kwani uzi wake mnene zaidi hutikisika mara 41 tu kwa sekunde, na kuusukuma mtikisiko wa taratibu namna hiyo hadi viti vya nyuma ni kazi nzito. Mwaka 1969 kampuni ya Ampeg ilijibu kwa SVT, dude la wati 300 na spika nane, ambalo Rolling Stones walizunguka nalo Marekani mwaka huohuo.

Wakati huo Detroit walikuwa wameshapita njia nyingine. Katika studio ya Motown, James Jamerson alikuwa akichomeka besi yake moja kwa moja kwenye mitambo ya kurekodia, bila spika. Tangu hapo wapiga besi wakawa na madhehebu mawili: wa spika, wanaotaka sauti iliyopigana na hewa, na wa waya, wanaotaka kila noti isikike ilivyotoka kidoleni.

Raki ilizaliwa katikati ya madhehebu hayo. Amplifaya, mzee alinieleza, ni vitu viwili ndani ya sanduku moja. Kuna sehemu ya mbele, priampu, inayopokea sauti hafifu ya gitaa, kuikuza kidogo na kuipa rangi. Kisha kuna sehemu ya nyuma, ambayo kazi yake ni misuli tu. Mwanzoni mwa miaka ya 70, mafundi wa Alembic, kampuni iliyokulia ubavuni mwa bendi ya Grateful Dead huko California, waliichukua sehemu ya mbele kwa kufuata mchoro wa Fender, wakaijenga upya peke yake, valvu zake na yote, katika kisanduku bapa cha chuma walichokiita F-2B. Mtu akaweza kuchagua rangi ya sauti kwa fundi mmoja na misuli kwa mwingine.

Kisanduku hicho kilifungwa kwa skrubu kwenye raki, fremu ya chuma yenye upana wa inchi 19. Kipimo hicho hakikubuniwa na wanamuziki. Kilitoka kwenye mitambo ya simu ya Marekani ya miaka ya 20, kila ngazi ikiwa na kimo cha inchi 1.75. Kwa hiyo mpiga besi anayebeba raki anabeba kabati la simu za mababu.

Mzee alitaka nione kwa macho kilichofanya watu waipende priampu hiyo ya Alembic. Pembeni ya sebule yake ipo Twin Reverb kuukuu ya Fender, ambayo vitasa vyake vya sauti vimejengwa kwa ukoo huohuo. Aliweka besi kwenye 2, treblu kwenye 2, na kitasa cha kati akakifikisha 10. Mtoto wa leo, alisema, akiona hivyo atadhani mashine imeharibiwa. Kumbe katika mchoro huo, hapo ndipo sauti inapokaribia kunyooka. Vitasa vikiwa vyote kwenye 5, sauti ya kati huwa imebonyea bila mtu kuigusa. “Namba ni rangi tu,” alisema. “Chagua kwa sikio.”

Mwaka 1974 Grateful Dead walipeleka fikra hizo ukingoni kwa ukuta wao wa spika uliokuwa na uzito wa tani nyingi, na Phil Lesh, aliyefariki Oktoba 2024, aliweza kupeleka kila uzi wa besi yake kwenye spika zake. Nchini Uingereza, Chris Squire wa Yes na John Entwistle wa The Who waliigawa besi sehemu mbili: sauti ya chini ikabaki safi, ya juu ikatiwa mkwaruzo. Miaka ya 80 SWR na Trace Elliot wakageuza raki kuwa fahari ya kila mpiga besi mwenye pesa.

Ndipo tunarudi kwa Lee. Mwaka 1996 aliondoa spika zote za besi jukwaani. Ugomvi wenyewe ni wa kale na kila fundi anaujua: mpiga besi anataka kuisikia besi mgongoni, na fundi kule mbele anashindwa kuitawala, kwa sababu nusu ya inayowafikia watazamaji haipiti kwenye mikisa yake. Lee aliumaliza kwa kukubaliana na fundi. Besi ikaingia kwenye raki, na kutoka kwenye raki ikaenda mikisani kwa waya.

Alipoijenga raki hiyo hakutafuta kifaa kimoja bora, bali aliunganisha vitatu. Cha Avalon, U5, kilitoa sauti safi, uti wa mgongo. Cha Palmer, cha Ujerumani, kiliiga spika ambayo haipo. Cha tatu kilikuwa SansAmp cha Tech 21, kampuni ya New York ya fundi Andrew Barta, na hicho kilileta mkwaruzo wa amplifaya iliyokabwa. Kila kimoja kikisikilizwa peke yake kina kasoro. Kwa pamoja vikawa sauti ambayo wapiga besi wengi wameifukuzia.

Hapo mzee alinyanyua kidole. Kuunganisha kuna mtego. Vifaa viwili vikipokea besi ileile, kimoja kikageuza mawimbi juu chini, kimoja kinasukuma spika wakati kingine kinaivuta. Noti za chini zinamezana zenyewe kwa zenyewe. Fundi asiyejua ataongeza besi, kisha ataongeza tena, na tumbo la sauti litabaki tupu. Dawa yake ni swichi moja ya kugeuza fezi.

Likabaki pengo. Upande wa Lifeson kulijaa amplifaya, upande wa Lee palikuwa patupu kama uwanja wa shule wakati wa likizo. Kwa ziara ya 1996 na 1997 akaweka friji la kizamani lililojaa vyakula. Mwaka 2002 zikaja mashine za nguo, na mwisho wa kila onyesho fulana zikarushwa kwa watazamaji. Mwaka 2004 mashine moja ilipisha kabati la kuuzia vitafunwa. Mwaka 2007 ikawa zamu ya majiko matatu ya kuchomea kuku, na mpishi mwenye kofia na aproni akipanda kuwaangalia kuku huku muziki ukiendelea.

Siku hizi priampu ni kipedali cha kutia mfukoni, au programu ndani ya kompyuta, na hadithi inaishia hapo haraka. Nisilolipenda ni kwamba vifaa vimekuwa rahisi lakini usikivu haukuongezeka. Nenda kwenye harusi zetu Jumamosi yoyote: besi imechomekwa kwenye mikisa bila chochote katikati, mpigaji analaumu waya, fundi analaumu mpigaji. Mpini watu wanao, makali hakuna aliyeyanoa.

Jioni mzee aliunganisha waya mbili, moja ikipita kwenye Twin Reverb na nyingine kwenye kisanduku cha kuunganishia, akapiga uzi mnene. Sauti ilitoka nyembamba. Akabonyeza swichi ya fezi, akapiga tena, na glasi zikagongana kabatini. Alitabasamu, kisha akakunja uso. Chini ya noti kulikuwa na mvumo.

“Babu, ni friji,” mjukuu alisema.

“Lichomoe basi,” mzee akajibu. “Sisi hatuna ukumbi wa kuliwekea.”